Somo: Siku ya mwisho ya baleniere, Isangi hadi Kisangani

Kwa baleniere, chombo kikubwa cha mbao chenye injini, Kinshasa hadi Kisangani ni kilomita 1,734 za mto Kongo, na kila kapiteni ana maneno yake kuhusu siku zitakazopita. Hayo nayaacha. Leo nasema siku moja tu, ya kupanda kutoka Isangi hadi mjini, kwa sababu ndiyo inayokula mali za watu. Majuma mazima mtu analala juu ya magunia yake kama kuku juu ya mayai, halafu akinusa Kisangani anasimama na kuanza kupiga simu.

Hatua ya 1: Sogeza saa mbele. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Kapiteni akikwambia "tunafika saa kumi", muulize saa kumi ya wapi. Ikiwa ni ya Kinshasa, kwa Kisangani ni saa kumi na moja, na giza linaanguka kama saa kumi na mbili. Hapo utahesabu mizigo kwa tochi.

Hatua ya 2: Hesabu mizigo kabla ya Yangambi. Isangi, pale mto Lomami unapoingia, umeiacha mkono wa kulia. Yangambi, penye kituo cha zamani cha utafiti wa kilimo, itatokea mkono wa kushoto. Hapo umebakiza kama kilomita 100. Umande ukikauka, inua bashi, turubai linalofunika mizigo, uhesabu na kapita mwenyewe, msimamizi wa mizigo chomboni, si mdogo wake. Chumvi usiihesabu kwa macho. Bonyeza pembe ya chini ya kila gunia. Ikiwa laini, na ubao chini yake unateleza, maji yameingia. Pandisha gunia juu, mwite kapita alishike kwa mkono wake, iandikwe kwenye karatasi ya mizigo, naye atie sahihi. Atanuna. Mwache anune huku mtoni, kuliko kubishana bichini, pale gatini, wakati wabebaji wamekwisha kulivuta gunia.

Hatua ya 3: Usigawe makaa wala kwanga, mkate wetu wa muhogo. Hili nimelilipia mwenyewe. Safari yangu ya pili nilioga mapema, nikavaa kitenge kipya, makaa nikampa mama mmoja aliyekuja na mtumbwi, kwanga ya mwisho nikawapa watoto. Saa nane chombo kikapanda juu ya mchanga. Vijana wakaingia majini, wakasukuma kwa mabega na miti mpaka jua likazama. Tukalala hapo hapo, kitenge kipya kikawa shuka, na jirani yangu akinipikia ugali kwa makaa yake bila kusema neno. Ule ukimya wake naukumbuka mpaka leo.

Hatua ya 4: Kaa ulipo. Ukiona mdomo wa mto Lindi mkono wa kushoto, mji u karibu. Mitumbwi itajifunga ubavuni, watu wataita majina, na abiria wote watataka kuhamia upande mmoja kutazama. Chombo cha mbao kilichojaa hakipendi hivyo. Vaa jaketi la kuokolea, mshike mtoto, keti.

Hatua ya 5: Kushuka. Mtu wako mmoja abaki juu ya mizigo, mwingine asimame chini. Patana bei ya wabebaji kabla gunia la kwanza halijaguswa. Vifurushi vidogo vinakwenda kwa toleka, baiskeli zetu. Mwenye baiskeli asitangulie peke yake na mali.

Maswali

Mama wa Bunia: Yaya, nitanunua samaki wa moshi Isangi, vikapu vinne. Nivifunike kwa bashi?
Jibu: Hapana mama, chini ya bashi watatoa jasho na kuota ukungu. Weka vikapu juu, mbali na injini na mafuta yake, funika kwa majani au gunia linalopitisha hewa. Bashi ni ya mvua tu.

Kijana wa Kindu: Naweza kuendelea na chombo hicho hicho hadi nyumbani?
Jibu: Hapana, mdogo wangu. Mbele ya Kisangani kuna maporomoko saba ya Boyoma, ndiko wavuvi Wagenia wanakotega samaki kwa vikapu vyao vikubwa. Reli ya hadi Ubundu ilijengwa ili kuyakwepa, ikamalizika 1906. Inaanzia ng'ambo, Lubunga. Treni usiifungie tarehe. Wengi wanakwenda kwa pikipiki hadi Ubundu, kisha wanatafuta chombo kingine.

Mgeni: Wanaopanda chomboni kudai franga, niwalipe?
Jibu: Uliza ni ya nini, uliza risiti yenye muhuri. Wengine watakupa, wengine watageukia abiria mwingine. Pesa ndogo ziwe mfukoni tofauti, usifungue pochi yote mbele yao.

Mama wa Bunia tena: Na kapiteni akitaka kuingia usiku ili tusilale njiani?
Jibu: Kataeni. Magogo yanayoelea hayaonekani gizani, na mchanga huhama. Ukimwambia peke yako atakucheka, kwa hiyo zungumza na wenzako kwanza, mwende watu kumi au ishirini. Afunge kamba kwenye kijiji, muondoke alfajiri. Makaa unayo.