Namna ya Kupunguza Gesi Inayovuja Kwenye Mitambo ya Gesi Asilia

Gesi asilia inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay hupita kwenye vali, flanji (visahani vya chuma vinavyounganisha mabomba kwa bolti) na kompresa (mashine za kushindilia gesi) nyingi kabla ya kuzalisha umeme Dar es Salaam, na kila kiungo kinaweza kuvuja. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, ambayo haina rangi wala harufu, kwa hiyo pua ya fundi haiwezi kutegemewa pale ambapo gesi haijatiwa dawa ya harufu. Ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15, methani huweza kulipuka. Ikipaa angani, katika kipindi cha miaka 20 hupasha joto dunia zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi.

Anza kwa daftari. Kila vali, flanji na ncha ya bomba ipewe namba na kibandiko, kwa maana kiungo kisichoandikwa hakikaguliwi. Kisha pitisha ncha ya kifaa cha kupimia gesi polepole kuzunguka kiungo chote, ukianzia upande ambako upepo unaelekea. Kamera ya miale ya infraredi, inayoonyesha gesi isiyoonekana kwa macho, hurahisisha kazi kwenye sehemu za juu, na maji ya sabuni bado yanafaa sana kuthibitisha mahali hasa panapovuja, ilimradi chuma si cha moto na sehemu hiyo haizunguki.

Vali ndizo zinazostahili muda mwingi zaidi, kwa sababu shina la vali (ufito unaoifungua na kuifunga) husogea kila inapofunguliwa na kufungwa, na pakingi, yaani kizibio laini kinacholizunguka, huchakaa. Kaza nati za pakingi kidogo kidogo, kwa zamu, huku mwenzako akisoma kipimo. Ukikaza kupita kiasi utaponda pakingi na shina litakwama. Kipimo kisiposhuka, vali itengwe, shinikizo liondolewe na pakingi ibadilishwe. Kanuni za Marekani kwa mitambo ya kuchakata gesi hutaka jaribio la kwanza la ukarabati lifanyike ndani ya siku 5, na kazi ikamilike ndani ya siku 15, isipokuwa pale inapolazimu kuzima mtambo. Nauona huo kuwa utaratibu mzuri wa kufuata hata pasipo sheria inayolazimisha.

Kwenye flanji, bolti zikazwe kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, na gasketi (kizibio bapa kinachokaa kati ya flanji mbili) iliyowahi kutumika isirudishwe kamwe. Ncha ya bomba iliyo wazi izibwe kwa kifuniko au kwa vali ya pili.

Kompresa za pistoni huvuja hata zikiwa nzima, kupitia pakingi ya ufito wa pistoni. Kinachoongezeka ni kiasi, kadiri pakingi inavyolika. Pima mvujo huo mara kwa mara, ulinganishe na ule wa siku pakingi ilipofungwa, na ubadilishe mapema. Vidhibiti vinavyoendeshwa kwa shinikizo la gesi asilia hutoa gesi kwa jinsi vilivyoundwa, hivyo dawa yake ni kuviendesha kwa hewa iliyoshindiliwa au umeme.

Baada ya kila ukarabati pima tena kwa kifaa kilekile, uandike tarehe na kipimo kwenye daftari. Vali inayorudi kuvuja kila mara baada ya kukazwa ibadilishwe yote, na mahali pake iwekwe yenye sili ya mvukuto (kifuko cha chuma chenye mikunjo kinacholifunika shina), ambayo shina lake halitegemei pakingi peke yake kuzuia gesi.