Ukitaka Kufuatilia Ukoo wa Wafanyabiashara wa Kiyahudi Nairobi

Wageni ninaowatembeza wakishasikia habari za akina Block, ukoo wa Kiyahudi uliomiliki mahoteli, hutaka tuanzie Hoteli ya Norfolk. Mimi hukataa. Hotelini utasimuliwa tajiri na mali yake. Ukoo wenyewe anza kuusoma kwenye makaburi ya Wayahudi.

Usiende Jumamosi, Sabato yao, wala siku ya sikukuu yao. Mwanamume afunike kichwa. Beba daftari na brashi laini. Mambo ya kupaka jiwe chaki ili maandishi yaonekane, achana nayo. Juu ya jiwe mara nyingi kuna herufi mbili za Kiebrania, maana yake "hapa amezikwa". Hufuata jina, kisha ben (mwana wa) au bat (binti wa), kisha jina la baba. Tayari umepata kizazi cha juu bila kumsumbua mtu.

Tarehe ndiyo huwatoa watu jasho. Kiebrania huhesabu kwa herufi, na ile elfu tano ya mwaka kwa kawaida haiandikwi. Ukipata 707, yaani mwaka 5707, jumlisha 1240: 1947. Ila mwaka wao huanza Septemba au Oktoba, kwa hiyo kama mwezi ni Tishri, Heshvan au Kislev, ile mitatu ya kwanza, andika 1946.

Ukishapata mwaka wa kifo, ingia kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, matangazo ya mirathi. Matoleo mengi ya zamani yamo mtandaoni. Jaribu kila tahajia ya jina, maana makarani wa kikoloni waliandika walivyosikia.

Halafu sinagogi, nyumba yao ya ibada, pale University Way inapokutana na Uhuru Highway. Jengo la sasa ni la 1955. Omba miadi mapema na uwe na kitambulisho. Ulinzi wao hauna mzaha. Ukikaribishwa, uliza habari za vibao vya kumbukumbu na waliochangia ujenzi. Fedha za hoteli ni rahisi kuzifuatilia, sadaka ni lazima uulize.

Norfolk sasa. Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, alifika mwaka 1903, akainunua hoteli hii 1927 na hoteli ya New Stanley 1947. Wanawe Jack na Eric, ambaye wengi walimwita Tubby, wakaikuza Block Hotels. Bomu la tarehe 31 Desemba 1980 liliharibu sehemu ya Norfolk, basi usidhani kila ukuta unaouona ni wa enzi za mzee. Kahawa ya hapo ni ghali. Agiza moja, kaa barazani, uanze kulinganisha tarehe za daftarini.