Kompyuta Mpakato ya Zamani Inapoikataa Windows 11

Kabla ya kuilaumu kompyuta mpakato ya zamani kwa kuikataa Windows 11, chunguza kwanza ni sharti lipi halikutimizwa, kwa kuwa mfumo huo unadai kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64 na TPM 2.0, yaani kijenzi cha usalama kinachotunza funguo za siri. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha usome toleo linaloonyeshwa. Lisipoonekana, usikate tamaa: mara nyingi kijenzi hicho kimo ila kimezimwa, nacho huwashwa katika mipangilio ya UEFI, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, ambako kwenye mashine za Intel huitwa PTT na kwenye za AMD huitwa fTPM.

Kichakataji ndicho kikwazo kigumu zaidi, kwani vya Intel vilivyotangulia kizazi cha 8, isipokuwa vichache, havikubaliwi.

Kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, mimi ningenakili mafaili yote kwenye diski ya nje, kisha nijaribu Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, kutoka kwenye flashi kabla ya kuisakinisha, ili nihakikishe kwamba Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi.