Jifunze kuchora 3D kwa kufungua rimoti mbovu

Wanafunzi wengi wa dizaini wanajifunza 3D kwa kufuata video, mwalimu akibonyeza hapa na wao wanabonyeza hapo hapo, kikombe kinatokea kizuri kwenye skrini ila ukiwaambia wachore kitu chao wenyewe hawajui waanzie wapi. Mimi njia ninayoiamini ni kuchukua kitu cha kiwandani, ukifungue, alafu ukijenge upya kwenye kompyuta. Anza na rimoti ya tivii iliyokufa, ina vipande vichache na kila kimoja kina cha kukufundisha.

Toa betri kwanza. Na tafadhali usianze na maikrowevu, tivii ya chogo, chaja wala flashi ya kamera, hivo vitu vina kapasita zinazobaki na umeme hata ukishachomoa na zingine zinaua kabisa. Simu nayo iache, betri ya lithiamu ukiitoboa inashika moto.

Tafuta bisibisi ndogo, kadi ya plastiki, daftari na kalipa ya dijitali, kile kifaa chenye taya mbili cha kupima unene na kipenyo. Rula haitoshi maana ukuta wa rimoti unakuwa na kama mm 1.5 hadi 2, ukikosea nusu milimita hapo umeshaharibu. Chungulia chumba cha betri, skrubu kama ipo mara nyingi inajificha hapo au chini ya stika, kisha pitisha kadi kwenye ule mstari unaogawa juu na chini, sukuma pole pole, utasikia tak, tak, hizo ni ndoano za plastiki zinaachia. Piga picha kabla ya kutoa kila kitu.

Sasa hapa ndo penyewe, usikimbilie kompyuta. Kaa na lile ganda, geuza geuza, jiulize kila umbo limewekwa kwa nini. Zile mbavu nyembamba za ndani zinaongeza ugumu bila kunenepesha ukuta, ukizipima mara nyingi ni kama nusu ya unene wa ukuta, kwasababu zikiwa nene plastiki ya pale inachelewa kupoa, inasinyaa na kuacha kibonyeo upande wa nje. Kuta nazo hazijasimama wima kabisa, zimelala kama digrii 1 hivi ili ganda litoke kwenye kalibu, yaani chuma kinachoipa plastiki umbo, bila kukwaruzika. Viduara ulivyoviona ndani ni alama za pini zilizolisukuma litoke, hivo usivichore. Kona za ndani zimezungushwa maana kona kali ndo pa kwanza kupasuka. Andika yote haya kwenye daftari pembeni ya mchoro wa mkono, hata kama mchoro wako sio mzuri.

Kupima kuna ujanja wake. Chagua uso mmoja na upime kila kitu kutoka hapo, ukipima tundu hadi tundu vikosa vidogo vinajumlishana. Umbali wa katikati ya matundu mawili yanayolingana unapata kwa kupima ukingo wa kushoto wa hili hadi ukingo wa kushoto wa lile. Kwa umbo lenye mkunjo piga picha ukiwa mbali na uvute kwa zumu, weka kadi ya benki pembeni kwenye kimo kile kile, hiyo ina mm 85.6 kwa 53.98, kisha ingiza picha kwenye programu na uchore juu yake.

Programu tumia inayokumbuka vipimo, yaani ukibadilisha kipimo kimoja umbo linafuata. FreeCAD ni ya bure, Onshape inafanya kazi kwenye brauza ila kwenye akaunti ya bure faili zako zinaonekana na kila mtu. Blender naipenda sana lakini kwa zoezi hili sio yenyewe.

Chora umbo zima la nje likiwa limejaa, weka ule mwinamo wa kuta, zungusha kona kubwa, ndo ulichimbe libaki ganda, alafu kata juu na chini. Mbavu, vishikio vya skrubu na ndoano vinafuata, vikona vidogo vya urembo viache mwisho kabisa maana hivo ndo vinavyoleta eraa ukibadilisha kitu huko nyuma. Vipande visibanane, acha nafasi ya mm 0.1 au 0.2 kati yao. Na vipimo vikuu vipe majina, unene_ukuta, kipenyo_betri, usiandike namba tupu kila mahali.

Ukimaliza, fanya jaribio hili. Betri ya AAA ina kipenyo cha mm 10.5 na urefu wa 44.5, badilisha iwe AA, yaani 14.5 na 50.5, uone. Chumba kikitanuka na ganda likafuata lenyewe, fungua mausi ya kompyuta, mgongo wake utakutesa vizuri. Kikivunjika, rudi kwenye skechi (mchoro bapa unaozaa umbo) ya kwanza yenye rangi nyekundu uangalie uliifunga kwenye nini.