Marathoni ya Ng'ambo Huanzia Kipupwe cha Dar

Wakimbiaji wengi wa Dar wakitaka kukimbia nje huanza kwa kuchagua jiji. Mimi nasema anza na majira. Marathoni ni kilomita 42.195, lakini kabla ya kuzifikia utakuwa umekimbia mamia ya kilomita hapa hapa nyumbani, na mazoezi mazito huangukia miezi mitatu ya mwisho. Ukichagua London au Boston, ambazo ni za Aprili, zile mbio ndefu za kilomita 30 utazikimbia kati ya Januari na Machi. Miezi hiyo, hata saa kumi na moja alfajiri, fulana huwa imelowa chapachapa kabla hujafika Coco Beach. Ukichagua Berlin ya Septemba au Chicago ya Oktoba, unajifua Juni, Julai na Agosti. Ni kipupwe, kusi inavuma, na ukipanda Daraja la Tanzanite kabla jua halijachomoza unatamani lisiishe. Ndiyo maana kila anayeniuliza kuhusu mbio ya kwanza ya mbali namjibu Berlin: njia ni tambarare, tofauti ya saa na kwetu ni moja tu, na ndiko Mkenya Eliud Kipchoge alikokimbia kwa saa 2:01:09 mwaka 2022.

Usiruke moja kwa moja, hata hivyo. Nenda kwanza Moshi, Kilimanjaro Marathon, mwezi Februari. Kwa kuwa mazoezi yake yanaangukia kwenye joto, mgeni wa mbio atosheke na kilomita 21. Pale utajifunza kulala ugenini usiku wa kuamkia mbio na kujua tumbo lako linakubali nini. Kisha Nairobi au Kigali, ambako Mtanzania haombi viza. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa pwani tupunguze kasi tangu kilomita ya kwanza, maana pumzi ikikatika kule hairudi kwa urahisi. Kigali ni vilima tupu. Panda na kushuka barabara za Mlimani, Chuo Kikuu, mpaka mapaja yazoee.

Kwa mbio kubwa, pata namba ya kushiriki kwanza, viza ifuate, tiketi ya ndege iwe ya mwisho. Namba za Berlin, Chicago, London na New York hutolewa kwa bahati nasibu, na waombaji ni wengi mno: London ya 2026 iliombwa na zaidi ya watu milioni moja. Njia nyingine ni kukimbia kwa niaba ya shirika la hisani, ukiahidi kuchangisha kiasi fulani. Boston hutaka uwe umefuzu kwa muda wako katika mbio nyingine.

Viza ndiyo inayowaangusha wafanyabiashara wenzangu, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Nina duka la vitenge Kariakoo. Fedha zetu hupita mkononi na kwenye simu, lakini ubalozi hauoni droo ya duka, unaona taarifa ya benki. Mwaka mmoja kabla ya safari, anza kupeleka mauzo benki kila wiki, hata kama ni kidogo. Fungu kubwa likiingia ghafla siku chache kabla ya kuomba, litazaa maswali. Zamu yako ya mchezo wa upatu ikifika, hela hiyo nayo ipeleke benki na utunze maandishi ya kikundi yanayoonyesha imetoka wapi. Ambatisha leseni ya biashara, TIN, mkataba wa pango la duka, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto kama unavyo, kwa sababu afisa anataka kuona kinachokurudisha nyumbani. Barua ya kuthibitisha usajili wa mbio iweke juu kabisa. Maombi ya viza ya Schengen, yaani ya Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usiisogelee tarehe hiyo. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000.

Panga safari ambayo ingekufurahisha hata bila mbio. New York ilifutwa mwaka 2012 kwa sababu ya Kimbunga Sandy, na Cape Town ikafutwa mwaka 2025 kwa upepo mkali asubuhi ile ile ya mbio, watu wakiwa wameshafika. Mimi kila jiji hutafuta mtaa wa wauza vitambaa, na siku hiyo huipanga baada ya mbio. Siku mbili kabla ya mbio miguu ipumzike. Makumbusho na masoko yatakungoja.

Viatu na nguo za mbio safiri nazo mkononi, usiziweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Kama unakwenda New York, ya Novemba, pitia kwanza mitumba ya Karume ununue sweta zito la bei ndogo. Utasubiri saa kadhaa kwenye baridi ya Staten Island. Likivuliwa pale mwanzoni, hukusanywa na kugawiwa wahitaji. Ukishalivua, unapanda daraja la Verrazzano. Mbio hizo Juma Ikangaa wetu alizishinda mwaka 1989, na sisi wakimbiaji wa kawaida tunaruhusiwa kuanzia mstari huo huo. Mpira haukupi nafasi hiyo, ndiyo sababu naipenda marathoni kuliko michezo yote.

Tokyo iache mpaka uwe na uzoefu. Huanza saa tatu asubuhi, wakati Dar ni saa tisa usiku. Fika siku kadhaa mapema, na wiki ya mwisho nyumbani uwe unalala na kuamka mapema zaidi kila siku.

Mbio zikiisha, usipande ndege jioni hiyo hiyo. Ngoja walau siku moja, tembea polepole, kunywa maji. Ndani ya ndege omba kiti cha pembeni, vaa soksi za kubana, na simama mara kwa mara: kukaa muda mrefu bila kujinyoosha kunaweza kugandisha damu miguuni, na miguu iliyotoka marathoni imechoka tayari.