Ukipigiwa simu ukaambiwa unadaiwa, soma hii kabla hujatuma hata mia

Jamani hii ya kudaiwa madeni hewa imezidi huku Kigoma. Ukikaa kusikiliza watu pale Mwanga sokoni au mwaloni Kibirizi kila mtu ana ya kwake, huyu kaambiwa anadaiwa na kampuni ya mikopo ambayo hajawahi kuisikia, yule kawekwa mdhamini wa mtu bila kujua, mwingine eti deni la umeme na fundi yuko njiani kuja kukata, mwalimu wa Kasulu huko anatishiwa deni la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Naandika hapa namna ya kuwamudu, ila usitegemee hatua zimenyooka moja mbili tatu, maana na wao hawaji kwa mpangilio.

Kitu cha kushika kabisa ni kimoja. Usimalizane na deni lolote ndani ya simu waliyopiga wao. Anayekudai kweli ana mkataba, ana mahali unapoweza kwenda, na kesho bado atakuwepo. Tapeli ana zile dakika 5 tu akiwa na wewe hewani, ndiyo maana kila anachosema kina haraka, "kabla ya saa 10 jioni", "faili liko mezani kwa mkubwa", "gari la polisi linatoka sasa hivi". Ukikata simu tu kazi yake imekufa, atapiga tena mara 2 mara 3, akiona hupokei anahamia kwa mwingine. Na usione aibu kumkatia, hata kama kaanza na shikamoo.

Kama unataka kumsikiliza, basi wewe ndiye uulize maswali, usikubali kuulizwa. Wao wanapenda kuanza na "naongea na nani?" au "thibitisha namba yako ya NIDA" au "majina yako matatu tafadhali", sasa kama wewe ni mdeni wake anashindwaje kukujua jina? Usimpe. Usimpe jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, wala zile namba zinazoingia kwa meseji, na namba ya siri ndo kabisa hata usiitaje kwa utani. Muulize yeye kampuni inaitwaje, leseni yake ya Benki Kuu namba ngapi, mkopo ulichukuliwa lini, hela iliingia kwenye namba gani. Kuna siku nilikuwa nanunua migebuka kwa mama mmoja pale Kibirizi simu yake ikaita, akaiweka spika kwa sababu mikono ilikuwa imejaa magamba:

"Shikamoo mama, mimi ni afisa kitengo cha makusanyo, una deni la laki moja na themanini na tano, leo jioni linapelekwa polisi."

"Marahaba mwanangu. Deni la lini hilo?"

"La mwezi wa tatu mama."

"Hela iliingia namba gani?"

"Hiyo hiyo tunayoongelea."

"Mbona hii laini nimesajili mwezi wa sita?"

Kimya, halafu tii tii tii. Mama akaendelea kunihesabia samaki wala hakusema neno. Hana elimu ya mitandao yule, ila anajua kudai na kudaiwa, biashara ya mwaloni nusu yake ni mkopo, na anajua mdai yeyote lazima akumbuke alikupa lini na wapi.

Sasa tuje kwenye aina zao, maana kila moja ina dawa yake.

Ile ya kwanza na ninayoiona sana ni ya mdhamini. Meseji inakuja hivi: "Ndugu, umewekwa mdhamini na mteja wetu mwenye namba fulani, ameshindwa kulipa, lipa leo la sivyo picha yako inasambazwa." Hapa kuna mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya. Inawezekana ni uongo mtupu, lakini inawezekana pia jamaa yako kweli alikopa kwenye apu ya mkopo, apu ikamuomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu akabonyeza kubali kubali bila kusoma, na sasa wanapigia kila aliyemo, mpaka fundi bomba na mwalimu wa mtoto. Kwa vyovyote vile wewe hudaiwi. Mdhamini ni mtu aliyekubali mwenyewe kudhamini, jina lako kuwepo kwenye simu ya shemeji yako sio kukubali chochote. Usilipe "kidogo ili wanyamaze", maana ukilipa umewaonyesha kwamba ukitishwa unatoa, wiki ijayo wako mlangoni tena. Kitu cha maana ni kumpigia huyo jamaa yako kwa sauti ya chini, bila kumsimanga, umwambie wanatumia namba yako, huenda yeye mwenyewe ana hali mbaya kuliko unavyodhani.

Na tuseme ukweli, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi 3 mwaka 2024, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, watu wa mwaloni walikosa hela na simu ilikuwa inakopesha usiku usiku bila dhamana. Mikopo hiyo tunaiita kausha damu na jina linatosha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yanafanya kazi bila leseni. Kwa hiyo kama anayekudai anajiita mkopeshaji wa mtandaoni, kabla hujajibu chochote tafuta jina lake kwenye orodha ya wakopeshaji wenye leseni iliyopo kwenye tovuti ya Benki Kuu, na kama huna bando muombe kijana wa stesheneri akuangalizie. Jina lisipokuwepo, ongea naye kama unavyoongea na mtu asiye na leseni.

Kama kweli ulikopa na ukalipa na bado wanadai, hapo kazi ni ya ushahidi. Usifute apu kwanza! Piga skrinshoti ya kiasi ulichoomba, kiasi kilichoingia (mara nyingi kinakuwa pungufu), tarehe ya kulipa, na meseji zote za muamala zenye namba ya kumbukumbu, zitume kwa mtu unayemwamini ili hata simu ikiibiwa zibaki. Ukishamaliza ingia kwenye mipangilio ya simu uinyang'anye hiyo apu ruhusa ya majina, picha na meseji, ndipo uifute. Halafu waandikie ndugu na marafiki mapema, meseji fupi tu, "kuna watu watawapigia wakisema nadaiwa, msitume hela, msijibu". Ukiwahi wewe, hawa jamaa wanakosa silaha, maana silaha yao kubwa ni aibu yako. Wakisambaza picha yako au kitambulisho chako kwenye magrupu, hilo ni kosa, tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko ya namna hiyo.

Aina ya pili ni "nimekosea kutuma". Inaingia meseji umepokea 70,000, dakika haijaisha mtu anapiga analia, mama mgonjwa, hela ya dawa, nirudishie kaka yangu, na usiporudisha anageuka anasema umeiba na deni hilo utalipa polisi. Usiamini meseji, angalia salio lako mwenyewe, *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, kila mtandao na wake. Meseji nyingi za hivi zimeandikwa na mtu kwa mkono, ukiangalia juu utaona imetoka namba ya kawaida kabisa ya 07 na kitu, wakati meseji ya kweli inakuja kwa jina la huduma. Na hata kama hela imeingia kweli, usiirudishe wewe kwa mkono wako. Mwambie apige 100 mtandao wake urudishe, muamala wa makosa una utaratibu wake. Mtu mkweli atakubali, tapeli atang'ang'ania uitume kwenye namba nyingine, tena tofauti na iliyotuma.

Ya tatu ni wanaojifanya serikali au kampuni kubwa. Hapa ni rahisi zaidi. Malipo ya serikali yanaenda kwa kontroo namba, sio kwa namba ya simu ya "afisa" anayeitwa sijui nani, kwa hiyo anayesema ni TRA au Bodi ya Mikopo halafu anakupa namba ya kutuma, mkatie. Mwalimu anayedaiwa na Bodi anakatwa 15% ya mshahara na mwajiri, hakuna mtu anapigiwa saa 2 usiku atume laki. Umeme wa LUKU nao unalipa kabla ya kutumia, na kama kuna deni linakatwa ukinunua umeme. Maji, nenda ofisi za mamlaka ya maji hapo mjini na bili yako, hata daladala ya kutoka Ujiji ni hela ndogo kuliko wanayoitaka. Anayejitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja wa mtandao wako angalia namba, wao wanakupigia kwa 100 tu. Na mikopo ya mitandao ya simu kama Songesha ya M-Pesa ukidaiwa inakatwa yenyewe hela ikiingia, haihitaji kijana akupigie akubembeleze.

Kuhusu polisi, hapa ndipo wengi wanapoishiwa nguvu kwenye magoti. Deni ni kesi ya madai. Anayekudai anaenda mahakamani, mahakama inatoa samansi, na samansi ina namba ya kesi na muhuri wa mahakama. Polisi halipishi deni kwa simu. Akisema "nina RB hapa", yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi, muulize ni kituo gani na namba ngapi, mwambie unakwenda mwenyewe sasa hivi na mwenyekiti wa mtaa. Kama kuna kitu cha kweli utakikuta huko.

Neno la pembeni kwa sisi wa huku. Kila siku tunaambiwa usipokee namba za nje, lakini mfanyabiashara wa dagaa wa Kigoma hawezi kuishi hivyo, +257 ya Burundi na +243 ya Kongo ndio wateja wenyewe. Pokea, fanya biashara, ila ukisikia tu mteja wako wa Bujumbura "amebadilisha namba" na anataka umalizie deni la mzigo kwenye laini nyingine, mpigie kwa ile namba ya zamani. Asipopatikana subiri. Mzigo hauozi kwa siku moja ya kusubiri, dagaa wamekauka wale.

Sasa kuwaripoti. Ile meseji ya kitapeli iforwadi kwenda 15040, utajibiwa utume namba ya tapeli, unatuma, basi, ni dakika moja. Watu wanasema haisaidii, mimi nasema fanya tu, kwa sababu namba hufungwa kwa kuripotiwa, na ripoti za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zinazoitaja mikoa kama Rukwa na Morogoro kuwa juu kwa majaribio ya utapeli zinatokana na namba zinazokamatwa hivyo hivyo. Usiwajibu na matusi lakini. Najua inatamanisha, lakini wavuvi wetu wanawasha taa usiku dagaa wanasogea wenyewe, na hawa wanatupa meseji ileile kwa maelfu wakisubiri nani atasogea, ukijibu hata tusi umewaambia namba iko hai na mwenyewe ana hasira, na mtu mwenye hasira anaongea sana.

Kama hela imeshaenda usikae kulia kwanza, piga 100 ya mtandao uliotumia muda huo huo, sema umetapeliwa, taja namba ya muamala, omba wazuie kabla haijatolewa kwa wakala. Ikiwa bado ipo kwenye akaunti yake una bahati, ikishatolewa inakuwa ngumu. Kisha nenda polisi na simu yenye meseji, chukua RB. Na ndani ya siku chache mtu anaweza kukupigia akisema yeye ni wa kitengo cha kurejesha hela za waliotapeliwa, anaomba "ada ya kufungua faili". Ni walewale.

La mwisho piga *106#, uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Tangu usajili wa alama za vidole kuna mawakala wasio waaminifu wanakwambia "weka kidole tena haijasoma", kumbe wanasajili laini ya pili, na laini hiyo ndiyo inakwenda kukopa au kutapeli kwa jina lako, deni hewa la mwenzako linageuka kesi yako. Ukiona namba usiyoijua nenda duka la mtandao husika na kitambulisho waifute, na uwafanyie hivyo hivyo bibi na babu wa nyumbani wenye vitochi, wao ndio wanawekwa vidole mara nyingi zaidi.