Kupanda Bisoke (Rwanda) kwa siku moja: somo kwa tunaotokea Tanzania

Kama unataka kuonja mlima nje ya nchi bila kulala kwenye hema, nenda Bisoke. Ni volkano iliyo mpakani mwa Rwanda na Kongo, mita 3,711, na kileleni kuna ziwa ndani ya kreta. Kupanda bila mwongozaji hairuhusiwi. Mimi nimepanda mara mbili, na mara ya kwanza niliona ukungu tu.

1. Saa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Mkusanyiko ni saa moja asubuhi Kinigi, ofisi ya Hifadhi ya Volkano. Nilikwenda na saa yangu ya mkononi ya Mwanza, nikamkuta mlinzi anafagia, nikatetemeka saa nzima getini. Epuka pia Jumamosi ya mwisho wa mwezi kusafiri asubuhi: ni umuganda (kazi za pamoja za jamii), mpaka saa tano barabara hazina watu.

2. Lala Musanze, mji ulio karibu na Kinigi. Basi kutoka kituo cha Nyabugogo, Kigali, huchukua kama saa mbili. Kibali lipia mapema na ubebe pasipoti.

3. Gari. Hili hawakuambii. Kutoka Kinigi hadi mguu wa mlima ni juu yako. Ukifika huna gari, ongea na wenzako hapo hapo mchange.

4. Tope. Usidanganyike na picha. Njia ni tope, mizizi, na majani yanayowasha kama upupu, kwa hiyo vaa glavu nene na uvute soksi juu ya suruali. Nguo za kubadili usifunge kwenye mfuko wa plastiki, ulipigwa marufuku huko tangu 2008.

Chukua mpagazi hata kama begi lako ni jepesi. Mguu wangu wa kulia ulizama mpaka gotini. Nikavuta, mguu ukatoka, buti likabaki. Kijana wa nyuma yangu akazamisha mkono hadi kiwiko, likachomoka kwa mlio wa soda inayofunguliwa, akalikung'uta kwenye mzizi na kunikabidhi bila hata kutabasamu. Aliyecheka ni askari wa bunduki, yule anayetulinda dhidi ya nyati.

5. Mwendo. Kwetu tunasema pole pole, wao buhoro buhoro. Kupanda huchukua saa tatu au nne. Kimo hiki kinakaribia kambi ya Horombo ya Kilimanjaro (mita 3,720), ambako watu hufika siku ya pili. Hapa unafika na kurudi siku hiyo hiyo, kwa hiyo kichwa kikiuma usishangae. Kikizidi, mwambie mwongozaji, usijikaze.

6. Kileleni. Mara ya pili ziwa lilionekana kwa muda wa kumenya yai moja la kuchemsha, kisha ukungu ukarudi. Piga picha kwanza, yai baadaye.

MASWALI

*Mkuu, nina kilo 95 na kitambi. Nitafika?*
Kitambi si tatizo, magoti ndiyo. Anza ngazi za kazini wiki sita kabla, na uzishuke pia, usipande tu halafu ukarudi na lifti.

*Shikamoo kaka. Kiswahili kinatosha?*
Marahaba mdogo wangu. Ni lugha rasmi huko tangu 2017, na mjini utaelewana na wengi. Maelezo ya asubuhi kundi letu tulipewa kwa Kiingereza. Jifunze "muraho" (habari) na "murakoze" (asante), wanafurahi.

*Sokwe nitawaona?*
Sokwe wa milimani (gorila) wanaishi humo humo, ila kibali chao ni kingine, dola 1,500 kwa mgeni wa nje ya Afrika. Ukikutana nao kwa bahati, mwongozaji atakupitisha, hamsimami.

*Naweza kwenda na gambuti?*
Tope hazitakusumbua. Shida ni kushuka, vidole vinagonga mbele kila hatua. Kata kucha usiku wa kuamkia safari.